Karobu au kakao: unga upi kwa chakula kipi

Ukiingia duka la vyakula vya afya Nairobi, Muscat au Toronto, unga wa karobu, unaosagwa kutoka kwenye maganda matamu ya mti wa Mediterania, utaukuta rafu moja na kakao, na mara nyingi kopo lake limeandikwa kuwa ni mbadala wa chokoleti. Maneno hayo yamewavunja moyo watu wengi. Mtu hununua, akapika keki yake ileile aliyoizoea, ikatoka tamu kupita kiasi, kavu, na bila ule uchungu alioutazamia. Kopo linasukumwa nyuma ya kabati mpaka muda wake unaisha. Naandika haya kwa sababu naipenda karobu, na inaniuma kuona inahukumiwa kwa kesi isiyo yake. Ni chakula kizuri chenye mahali pake, na kakao nayo ina mahali pake. Ukijua mipaka ya kila kimoja, hutapoteza fedha wala keki.

Tunda na mbegu

Karibu tofauti zote utakazozisoma hapa chini zinatokana na jambo moja. Unga wa kakao ni mbegu. Ile nyama nyeupe tamu inayoizunguka huachwa ichache kwa siku kadhaa, ikayeyuka na kuchuruzika, kisha mbegu ikaanikwa, ikakaangwa, ikakamuliwa sehemu ya mafuta yake na kusagwa. Karobu ni kinyume chake: kinachosagwa ni ganda lenyewe na nyama yake, na mbegu ndizo zinazotolewa. Mbegu imebeba akiba ya mche utakaoota, kwa hiyo ina mafuta, protini na madini kwa wingi. Nyama ya tunda kazi yake ni kumvuta mnyama ale na kuzisambaza mbegu, kwa hiyo imejaa sukari. Ukilishika hilo, hutahitaji kukariri mengi.

Mkarobu, ambao wanasayansi huuita Ceratonia siliqua, uko katika jamii ya mikunde pamoja na mkwaju. Ni mti wa nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania: Hispania, Ureno, Moroko, Italia, Ugiriki, Kupro, Uturuki, Lebanoni, Palestina, Misri. Haupukutishi majani yake yote hata wakati wa kiangazi kikali, unastahimili udongo wa mawe, na maua yake huchipuka kwenye matawi makuukuu na hata kwenye shina, jambo ambalo mkakao nao hulifanya. Maganda huchukua karibu mwaka mzima kukomaa. Yakishageuka kahawia iliyokoza, mnamo Agosti na Septemba, watu huyapiga kwa fito ndefu yakaanguka kwenye turubai. Ganda kavu huwa na urefu wa sentimita 10 hadi 30, na unaweza kulitafuna hivyohivyo, mradi uziepuke mbegu zake, maana zinaweza kuvunja jino. Wasomaji wa Biblia wameshakutana nalo bila kulijua: maganda waliyokula nguruwe, yale ambayo mwana mpotevu alitamani kujishibisha nayo katika Injili ya Luka, wafasiri wengi wanakubaliana kuwa ni ya karobu.

Walio Oman wana ukaribu zaidi na mti huu kuliko wanavyodhani. Ndugu yake wa mwituni, Ceratonia oreothauma, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1980, anaota kwenye milima ya Hajar upande wa mashariki, na tawi jingine la ukoo huohuo liko kaskazini mwa Somalia. Unga unaouzwa madukani, hata hivyo, unatoka Mediterania.

Kakao sisi tunayo nyumbani. Inalimwa Kyela na bonde la Kilombero nchini Tanzania, Bundibugyo nchini Uganda, na Beni mashariki mwa Kongo. Nyingi husafirishwa nje ikiwa mbegu kavu, kisha hurudi ikiwa ndani ya kopo.

Namba za gramu 100

Hizi ni takwimu za jedwali la vyakula la Idara ya Kilimo ya Marekani, nimezikadiria kidogo ili zisomeke. Kakao hapa ni unga mtupu usiotiwa sukari, si ule wa kinywaji cha watoto ambao sehemu kubwa yake ni sukari.

| | Karobu | Kakao |
|---|---|---|
| Nishati (kilokalori) | 222 | 228 |
| Sukari (gramu) | 49 | chini ya 2 |
| Nyuzinyuzi (gramu) | 40 | 37 |
| Mafuta (gramu) | 0.7 | 13.7 |
| Protini (gramu) | 4.6 | 19.6 |
| Kalsiamu (miligramu) | 348 | 128 |
| Chuma (miligramu) | 2.9 | 13.9 |
| Magnesiamu (miligramu) | 54 | 499 |
| Potasiamu (miligramu) | 827 | 1,524 |
| Kafeini (miligramu) | 0 | 230 |
| Theobromini (miligramu) | 0 | takriban 2,060 |

Wauzaji wa karobu huushika mstari wa kalsiamu na kuupigia debe, na kweli ni karibu mara tatu ya kakao. Lakini hakuna anayekula gramu 100 za unga huu kwa siku. Kijiko kimoja cha chakula cha karobu ni kama gramu 6, na ndani yake mna miligramu 21 tu za kalsiamu. Glasi ya maziwa inakupa karibu 300. Kwa hiyo anayetafuta kalsiamu kwa ajili ya mifupa aendelee na maziwa yake, au na dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, na karobu aihesabu kuwa nyongeza ndogo. Hivyohivyo kwa chuma cha kakao: kijiko kina chini ya miligramu moja, na tanini, zile kemikali za mimea zinazokausha ulimi, zilizomo katika unga zote mbili huuzuia mwili kufyonza sehemu ya chuma hicho. Anayetibiwa upungufu wa damu asitegemee kopo lolote kati ya haya mawili.

Mstari ninaouona wa maana zaidi ni wa nyuzinyuzi. Kijiko cha karobu kina zaidi ya gramu 2, na kijiko cha kakao kinakaribia hapo. Ukiweka vijiko viwili kwenye uji wa asubuhi umeongeza kitu kinachohesabika, hasa kama uji wenyewe ni wa unga uliokobolewa. Karobu inaongoza kidogo kwenye mstari huo, na inaliwa kwa wingi zaidi kuliko kakao kwa kuwa haina uchungu, kwa hiyo mwisho wa siku ndiyo inayompa mtu nyuzinyuzi nyingi.

Mstari wa kuuchunga ni wa sukari. Karibu nusu ya karobu ni sukari. Ni sukari ya tunda lenyewe, hakuna aliyeitia, lakini damu haiulizi ilitoka wapi. Nimeona karobu ikipendekezwa kwa wenye kisukari kama kitu wanachoweza kumimina bila hesabu, na hilo si kweli. Kijiko kina gramu 3 za sukari. Ni kidogo, na nyuzinyuzi zake zinasaidia, lakini vijiko vinne ni gramu 12, na gramu hizo ziingie kwenye hesabu ya siku. Mwenye kisukari anayetaka tu ladha na rangi ya kahawia kwenye maziwa yake, bila sukari, afadhali achague kakao tupu.

Kafeini na watoto wa jioni

Hapa karobu inashinda bila ubishi. Haina kafeini wala theobromini hata chembe. Kakao ina vyote viwili, ingawa kafeini yake si ya kutisha: kijiko kina kama miligramu 12, wakati kikombe cha kahawa kina karibu 95. Mjamzito anayehesabu mpaka wa miligramu 200 kwa siku hana haja ya kuikimbia kakao kwa sababu hiyo. Theobromini ndiyo iliyo nyingi, zaidi ya miligramu 100 kwa kijiko, na ni kichangamshi pia, laini kuliko kafeini lakini kinachokaa mwilini kwa muda mrefu.

Kwa mtoto anayeomba kinywaji cha moto kabla ya kulala, kwa mtu ambaye moyo wake hudunda haraka akinywa chokoleti, au kwa mwenye kiungulia aliyeambiwa apunguze kakao, karobu ni jibu zuri. Na kwa waliofuga mbwa: theobromini ni sumu kwao, ndiyo maana biskuti za mbwa zenye rangi ya chokoleti hutengenezwa kwa karobu.

Yanayosemwa kuhusu afya

Pande zote mbili kuna ushahidi, lakini usomwe vizuri.

Kakao ina flavanoli, kemikali zinazosaidia mishipa ya damu kutanuka. Mwaka 2012 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilikubali dai kwamba miligramu 200 za flavanoli za kakao kwa siku husaidia kudumisha hali hiyo. Tatizo ni kwamba kakao nyeusi sana, ile laini isiyo chungu iliyotiwa alkali (kemikali ya kuua ukali wake), imepoteza sehemu kubwa ya flavanoli zake. Anayeinunua kwa ajili ya mishipa achague isiyotiwa alkali, yenye rangi ya kahawia hafifu na uchungu wake wote. Na chokoleti ya maziwa haimo kwenye mazungumzo haya.

Karobu nayo ina tanini na nyuzinyuzi zisizoyeyuka. Mwaka 2003 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya wagonjwa wenye lehemu (kolesteroli) nyingi waliokula gramu 15 kwa siku za nyuzinyuzi za karobu kwa wiki sita, na lehemu mbaya ilishuka kwa takriban asilimia 10. Ni matokeo mazuri. Ila walichokula hakikuwa unga wa kopo: kilikuwa nyuzinyuzi zilizotengwa, sukari ikiwa imeshaondolewa. Kupata kiasi hicho kutoka kwenye unga wa kawaida ungehitaji kula karibu gramu 40, pamoja na gramu 20 za sukari. Anayekunukulia utafiti huo akiwa ameshika kopo la unga anakuuzia matokeo ya kitu kingine.

Matumizi ya kale ya karobu kwa tumbo la kuhara yana msingi wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 ulionyesha kwamba watoto wachanga waliopewa unga wa karobu wenye tanini nyingi pamoja na maji ya chumvi na sukari walipona haraka kuliko waliopewa maji hayo pamoja na unga usio wa karobu. Neno la kushika hapo ni "pamoja". Mtoto anayeharisha anaokolewa na maji yale, na anayetapika kila kitu au aliyelegea apelekwe hospitali. Karobu si dawa ya kumweka nyumbani.

Jikoni

Watu wenye mikarobu yao hawakuilinganisha na chokoleti. Hilo lilikuja baadaye, hasa Marekani katika miaka ya 1970, wakati wapenzi wa vyakula vya asili walipotafuta kitu cha kahawia kisicho na kafeini. Kwenye Mediterania karobu iko upande wa tende na tini. Kule Algarve, kusini mwa Ureno, hutiwa kwenye keki za lozi na tini. Krete huoka nayo mikate mikavu inayoliwa na mafuta ya zeituni. Malta hutengeneza peremende za karobu zinazouzwa wakati wa Kwaresima. Misri maganda huchemshwa kuwa kinywaji cha Ramadhani. Nchi hizohizo zimeijua pia karobu kama chakula cha njaa: Malta na Ugiriki wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Hispania baada ya vita vyake vya 1936 hadi 1939. Wazee waliokula maganda hayo utotoni kwa kukosa kingine hawakuwa na hamu ya kuyaona tena, na nadhani ndiyo sababu moja wajukuu wao walihitaji muda kuyarudia.

Nikimshauri mtu anayetoka jikoni ya Kiswahili, namwambia: usiifikirie karobu kama kakao iliyopungua, ifikirie kama tende iliyosagwa na kukaangwa. Mara moja utajua iende wapi. Inapatana na iliki, mdalasini, ufuta, karanga, ndizi mbivu, ganda la chungwa, kahawa na tui la nazi. Kwenye uji wa ulezi au wa mtama, kijiko kimoja na nusu kwa kila bakuli huondoa haja ya sukari, na mtoto anaupenda. Kwenye mkate wa ndizi inazama vizuri kiasi kwamba mlaji hajui utamu ule wa ziada umetoka wapi. Ukiiponda pamoja na ufuta uliokaangwa na tende utapata vidonge vya kutafuna safarini, visivyohitaji kupikwa.

Kakao mwache afanye kazi yake palipo na uchungu na mafuta: keki nyeusi ya sherehe, mchuzi mzito wa chokoleti wa kumimina juu ya aiskrimu, biskuti zinazotakiwa kuwa na ukali ndani ya utamu. Nimeonja keki za karobu zilizopikwa kwa nia ya kumdanganya mpenda chokoleti. Hazidanganyi mtu, na zinaidhalilisha karobu bila sababu.

Ukiamua kubadilisha hata hivyo, kanuni ya pakiti ni kipimo kwa kipimo. Inakubalika, mradi urekebishe mambo matatu.

Kwanza sukari. Robo kikombe ya karobu ina gramu 12 hivi za sukari, sawa na vijiko vitatu vya chai. Toa vijiko hivyo vitatu kwenye sukari ya mapishi yako, kisha utoe kimoja zaidi, kwa sababu uchungu wa kakao uliokuwa ukiupoza utamu haupo tena.

Pili, ukavu. Karobu haina mafuta na nyuzinyuzi zake hunywa maji. Ongeza kijiko kimoja au viwili vya maziwa au mafuta, na uache rojo itulie dakika kumi kabla ya kuoka ili unga ushibe.

Tatu, moto. Sukari ikikutana na joto kali hubadilika rangi upesi, na juu ya keki ya karobu huungua kabla ndani hakujaiva. Punguza oveni kwa nyuzi 10 hadi 15 za Selsiasi, na kama unaoka kwa mkaa punguza makaa ya juu, siyo ya chini.

Lipo na la nne ambalo si la keki. Karobu haiyeyuki yote. Ukiimwaga kwenye maziwa ya moto utakunywa mchanga. Ichekeche, ikoroge na maji kidogo ya moto iwe rojo laini, ndipo uongeze maziwa taratibu huku ukikoroga na ukiacha ichemke kidogo. Hata hivyo itabaki mashapo chini ya kikombe, kama kahawa ya kupikwa kwenye dele, na ni ya kawaida.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni kuchanganya: sehemu mbili za kakao na moja ya karobu. Uchungu unabaki, sukari ya kutia inapungua, na keki inapata harufu ya kitu kilichokaangwa ambayo kakao peke yake haina. Ni njia ya kubana matumizi pia. Mwishoni mwa 2024 tani moja ya kakao kwenye soko la New York ilipita dola 12,000, baada ya miaka mingi ya kuzunguka kwenye dola 2,000 na 3,000, na bei ya makopo ilifuata. Ila hesabu hiyo ni ya mtu aliye Ulaya, Uturuki au Ghuba, ambako karobu ni rahisi. Afrika Mashariki karobu huagizwa kutoka mbali na mara nyingi ndiyo ghali kuliko kakao. Hapo sioni sababu ya kuinunua kwa ajili ya kuokoa fedha.

Asali ya karobu na asali ya tende

Huu ndio mlango bora wa kuingilia karobu, kuliko unga. Waarabu huiita dibs kharrub, Wakupro charoupomelo. Maganda huvunjwavunjwa, huloekwa majini, maji huchujwa na kuchemshwa mpaka yawe mazito na meusi. Sukari haiongezwi. Kupro, ambako karobu ilikuwa zao kubwa la kuuza nje hadi wakaiita dhahabu nyeusi, kijiji cha Anogyra katika wilaya ya Limassol bado hutengeneza peremende iitwayo pasteli: asali ya karobu huchemshwa hadi ikaze, kisha huvutwavutwa kwa mikono mpaka weusi ugeuke rangi ya dhahabu.

Ukilinganisha na asali ya tende, ambayo walio Oman na Zanzibar wanaijua, ya karobu si tamu kiasi kile na ina ukali kidogo mwishoni. Kwa kuchovea mkate wa moto, asali ya tende ndiyo itapendwa na wengi. Kwa kuchanganya na ufuta uliosagwa, kama wanavyofanya Lebanoni, naiweka karobu mbele, kwa sababu ukali wake unakata uzito wa ufuta. Sehemu mbili za ufuta uliosagwa kwa moja ya asali ya karobu, mkate mwembamba, na kifungua kinywa kimekamilika. Juu ya kaimati nayo inafaa, badala ya shira ya sukari. Zote mbili ni sukari iliyokolezwa. Hakuna iliyo salama kuliko mwenzake kwa mwenye kisukari.

Ukipata maganda mazima, ambayo huuzwa Ramadhani ikikaribia kwenye maduka ya Waarabu, jaribu kinywaji cha Kimisri. Unguza sukari kidogo kwenye sufuria kavu mpaka iwe kahawia, tia maganda yaliyovunjwa, geuza mpaka yanukie, mwaga maji, chemsha, acha usiku kucha, chuja, weka barafu. Ndani ya futari yenye viazi na kachori, kinywaji hiki kinakaa vizuri kuliko juisi nyingi za pakiti.

Zile mbegu zilizotolewa

Ni sehemu ndogo tu, kama asilimia 10 ya uzito wa ganda, lakini viwandani ndizo zenye thamani kubwa kuliko unga wote. Ndani yake mna utomvu mkavu unaosagwa kuwa unga mweupe wa kufanya vyakula viwe vizito, unaoandikwa E410 kwenye pakiti za aiskrimu, jibini laini na maziwa mtindi. Huenda umeshakula karobu mara nyingi kwa njia hii. Anayepika mikate isiyo na ngano anaweza kuhitaji kuchagua kati yake na unga wa guari, unaotoka kwenye mbegu za mkunde mwingine na kufanya kazi hiyohiyo: guari inashika hata kwenye maji baridi, hii ya karobu inataka joto la nyuzi 80 na zaidi ndipo ifunguke. Kwa aiskrimu ya nyumbani inayopikwa kwanza, ya karobu inatoa ulaini mzuri na kuzuia vipande vya barafu. Kwa kinachotengenezwa bila moto, chukua guari. Usiitie kwenye maziwa ya mtoto mchanga anayecheua bila kuagizwa na daktari.

Kabla hujalipa

Vipande na mche wa "chokoleti" ya karobu ndivyo vinavyonipa wasiwasi kuliko bidhaa zote za aina hii. Kwa kuwa karobu haina mafuta, ili iwe kipande kinachoyeyuka mdomoni lazima itiwe mafuta ya nje, na mara nyingi ni ya mbegu za mchikichi, yaliyogandishwa, pamoja na sukari juu ya sukari yake. Geuza pakiti usome. Kama mafuta na sukari vimetajwa kabla ya karobu, chokoleti nyeusi ya kweli ya asilimia 70 ni chaguo bora kwa afya na kwa ulimi.

Unga uchague kwa rangi. Wa rangi ya hudhurungi hafifu haujakaangwa au umekaangwa kidogo: ni mtamu zaidi, na ndio wa uji na vidonge vya tende. Ulioiva mweusi una ladha iliyo karibu na kahawa na utamu umepungua, huo ndio wa keki na vinywaji.

Walio Marekani na Kanada wawe macho na chupa zilizoandikwa algarrobina. Ni asali ya mti mwingine wa Peru, wa jenasi ya Prosopis, ambao Wahispania waliupa jina la karobu kwa kufanana kwa maganda. Ni jamaa wa mathenge, mti wa miiba uliovamia malisho ya Baringo nchini Kenya. Asali hiyo ni nzuri kwa namna yake, lakini haitakupa ladha unayoitafuta kwenye mapishi ya Kupro au Lebanoni.

Na kama uko Mombasa, Dodoma au Lamu na unachokitaka ni unga wa tunda wenye nyuzinyuzi na kalsiamu, ubuyu unauzwa kwa kilo sokoni. Una vitu hivyo viwili kwa wingi na vitamini C juu yake, ambayo karobu haina ya kutajika, na Umoja wa Ulaya uliuruhusu kuingia sokoni kwake tangu 2008. Hauna ladha ya kahawia wala hautaingia kwenye keki ya chokoleti, lakini kwa uji na juisi sioni kwa nini mtu wa pwani aagize ganda kutoka Krete.

Kopo la karobu likishafunguliwa lifunge barabara, hasa pwani, kwa sababu sukari yake huvuta unyevu na unga ukafanya madonge. Ukiganda hivyo, upondeponde na uuchekeche; maadamu haunuki uvundo, bado ni mzima.